Sitaki Uwe Kaka Yangu

Jumamosi, tarehe 8 Julai 1995. Asubuhi hiyo Itigi iliamka na baridi kali na upepo mkavu uliorusha vumbi la reli hadi kwenye madirisha ya watu. Anga lilikuwa jeupe, halina hata wingu moja, na jua lilikuwa limeshachomoza lakini halijapata nguvu ya kumvua mtu sweta.

Yunisi alisali kabla ya kuwasha moto. Hakuomba mambo mengi.

"Bwana, moyo umeshanipa," alisema akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. "Leo nipe na kinywa."

Akasema amina, akajifunga kanga ya pili juu ya ile ya kwanza, akatoka kwenda jikoni. Alikuwa na utulivu wa mtu anayejua atajibu nini hata kabla hajaulizwa. Kilichokuwa kikimsumbua ni jibu la mtu mwingine.

Siku hiyo ukoo ulikuwa unakutana nyumbani kwa baba yake, Mzee Zefania, kugawa vitu vya marehemu Stefano. Stefano alikuwa kaka yake Yunisi, mtoto pekee wa kiume. Alifanya kazi kwenye treni, na mwaka uliotangulia malaria ilimkamata akiwa safarini, wakamrudisha Itigi ndani ya sanduku. Mazishi yalikuwa yameshapita, na majirani wameshaacha kulala matangani, ndipo treni ilipoleta mzigo wake wa mwisho kutoka Dar es Salaam. Lilikuwa boksi gumu la karatasi, limefungwa kamba ya katani kwa mafundo mengi, limeandikwa jina la Stefano kwa wino wa bluu.

Siku zile maduka ya Dar yalikuwa yamefurika vitu kutoka Dubai, vitu ambavyo miaka michache nyuma mtu alivisikia tu. Stefano alikuwa ameagiza spika. Hazikuwa spika zilizokamilika, bali zile za kujiundia mwenyewe: koni kubwa mbili za besi, koni ndogo mbili za sauti nyembamba, vibao viwili vya kugawia sauti, nyaya, skrubu, na karatasi yenye michoro. Maboksi ya mbao unatengeneza wewe.

Mzee Zefania aliusukuma mzigo ule chini ya kitanda ukakaa huko karibu mwaka mzima. Baada ya Pasaka alimwita Manase, fundi redio wa karibu na stesheni, rafiki wa Stefano tangu walipokuwa wakiimba kwaya pamoja.

"Kijana," alimwambia, "mwenzako aliacha kazi. Imalize."

Manase akaanza kuja kila jioni. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mzaliwa wa Rungwa, mwenye vidole vyembamba vyenye alama za kuungua. Walifanyia kazi uani, kwenye banda la kuni. Yunisi alianza kwa kumshikia taa, kisha akamshikia ubao, kisha akashika msumeno mwenyewe. Mwisho walikubaliana kwamba Manase ataunda spika moja na Yunisi ataunda ya pili. Na kati ya harufu ya mbao za mninga na moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya inayoyeyuka, wakapendana. Hakuna aliyemtangulia mwenzake. Jioni moja waliinua macho kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeyainamisha.

Hayo yalikuwa yao wawili. Lakini Jumatano iliyopita Mzee Zefania alitoa lake mezani, mbele ya ugali.

"Katika ukoo wetu," alisema, "mzigo ambao marehemu ameuacha haujafunguliwa ndio unaobeba nafasi yake. Anayekata kamba ndiye anayekaa kwenye kiti chake. Jumamosi nitamtangaza Manase kuwa mwanangu. Nimepata Stefano mwingine."

Mama yake Yunisi alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Waliokaa kimya walikuwa wawili tu. Mtoto wa Mzee Zefania angekuwa kaka wa Yunisi, na mtu haolewi na kaka yake.

*

"Hodi!"

"Wewe Manase!" mama alifoka kutoka jikoni, huku akicheka. "Hodi ya nini? Mara ngapi nakwambia? Mtoto wa nyumba anapita tu, anafunua sufuria, anauliza leo kuna nini. Ingia!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, mama."

"Muongo. Yunisi, mpe mwenzio uji na kiazi."

Mwenzio. Yunisi alichota uji akaupeleka bandani. Manase alikuwa amechutama mbele ya spika mbili, amevaa shati lake jeupe la Jumapili, mikono ameikunja. Spika zilikuwa zimesimama bega kwa bega, zinang'aa kwa wekundu wa mninga. Ile ya Manase ilikuwa imenyooka kama dirisha la kanisa. Ya Yunisi ilikuwa imepinda kidogo upande wa kushoto, lakini ilikuwa yake, na aliipenda zaidi kwa hilo.

"Umelala?" Yunisi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kama mtu aliyelalia skrubu."

"Leo utalala vizuri. Ukisema."

"Yunisi..."

"Usiniite kwa sauti hiyo. Hiyo ni sauti ya mtu anayetaka kuomba radhi."

Manase alitabasamu bila kutaka. Akaweka kikombe chini bila kunywa.

"Tuijaribu yako kwanza," alisema. "Jana ilikuwa inavuja hewa mahali. Boksi la namna hii likivuja, besi haitoki. Inakoroma tu."

"Unanikimbia."

"Sikukimbii. Nafanya kazi."

Aliweka vidole vinne kwenye koni kubwa, akaisukuma ndani polepole. Yunisi alipiga magoti upande wa pili, akasogeza shavu kwenye kiungo cha mbao, akawa anatafuta. Hewa ilimgusa shavuni, nyembamba, baridi, kama pumzi ya mtu anayenong'ona.

"Hapa."

"Una hakika?"

"Sukuma tena. Hapa, Manase. Nyuma ya kona."

Manase alitoa mfukoni bonge la nta ya nyuki, ile ambayo baba yake alimtumia kutoka Rungwa. Aliikanda kiganjani mpaka ikalainika, akampa. Vidole vyao vilikutana juu ya nta, na havikuwa na haraka ya kuachana. Yunisi aliziba ufa, akasawazisha kwa kucha. Manase akasukuma koni tena. Safari hii ilirudi taratibu, kwa uzito, kama mlango wa chumba kisicho na dirisha.

"Imeziba," alisema, na alikuwa anamtazama yeye, si spika.

"Sasa sema."

"Niseme nini?" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Mzee amenipa hili banda nifanyie kazi. Amenipa baiskeli ya Stefano niende nayo kwa wateja. Nilipougua, mama yako ndiye aliyenipikia uji. Panya walipokula ile pamba iliyokuja na mzigo, alileta mto wa mwanawe, akaupasua mwenyewe ili tupate sufi ya kujaza humu ndani. Unakumbuka? Mto wa mwanawe! Leo baba yako anataka kuniita mtoto mbele ya ukoo mzima, halafu nimtazame usoni nimwambie sitaki?"

"Hutamwambia usichotaka. Utamwambia unachotaka."

"Na wakinifukuza?"

"Wakikufukuza utaondoka ukiwa bado unaweza kunioa. Hivi wanavyokukaribisha ndivyo unavyonikosa."

Upepo ulitikisa bati la banda. Mbali, stesheni, injini ilipiga honi mara moja.

"Halafu fikiria," Yunisi aliendelea, na sasa sauti yake haikuwa ya ugomvi tena, "siku nitakapoposwa na mtu mwingine, wewe ndiye utakayekaa kwenye kiti cha kaka. Washenga watakusalimia wewe. Utaulizwa, 'Kaka wa binti, mna neno?' Utasema nini, Manase? Utasema, 'Hatuna neno, mchukueni'?"

"Acha."

"Utacheza harusini?"

"Acha, nimesema!" Alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Unadhani mimi sijayawaza hayo? Tangu Jumatano sijawaza kingine!"

Yunisi naye akasimama. Walikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni ya mwenzake. Hakumgusa. Alimtazama tu, kwa macho yale makubwa yaliyotulia, ambayo Stefano alikuwa akiyatania kwamba ni taa za treni.

"Sitaki uwe kaka yangu," alisema. "Nilikuwa na kaka. Alinitosha."

Manase aligeukia spika, akaweka kiganja juu ya ile ya Yunisi.

"Nikuulize jambo," Yunisi alisema. "Siku ile tulipofungua mzigo. Nani alikata kamba?"

Manase alikunja uso, akikumbuka. Mzee Zefania alikuwa shambani jioni ile. Mama alikuwa anapembua mtama pale mlangoni. Manase alikuwa ameshika kisu, akaona jina la rafiki yake kwenye boksi, na mkono ukakataa. Alilia. Alilia kwa sauti, kama hajawahi kulia hata siku ya mazishi. Na mkono mwingine, mdogo, ulikitwaa kile kisu kutoka kwake.

"Wewe," alisema polepole. "Wewe ndiye uliyekata."

"Mimi. Wakati ule sikuwaza desturi yoyote. Niliona unaumia, nikakata. Lakini leo baba mkubwa atauliza swali hilo mbele ya watu. Ndivyo wanavyofanya. Atauliza nani alikata kamba, na wote watakutazama wewe. Ukinyamaza, umekuwa kaka yangu."

"Si useme wewe? Ni kweli tupu. Ukisema wewe, basi, imekwisha."

"Nikitangulia mimi, nitakuwa nimejiombea mume mbele ya baba zangu. Sitafanya hivyo." Aliokota kikombe cha uji kilichopoa. "Nimeomba Mungu anipe kinywa. Nimemwomba akupe na wewe. Sasa kunywa uji wako, una ngozi juu."

Alipogeuka kutoka, alimkuta shangazi yake Agripina amesimama kwenye kona ya banda na ndoo tupu mkononi. Shangazi alikuwa amefika jana kwa basi kutoka Ilongero, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye hakuna siri iliyowahi kumpita ikabaki salama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Natafuta maji."

"Maji yako upande ule, shangazi."

"Naona. Nilipotea." Akamtazama kutoka juu hadi chini, kisha akachungulia bandani. "Tangu jana nakuona unavyomtazama huyo kijana. Kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Ndiyo maana nimepotea."

*

Saa nane mchana walirudi kutoka makaburini. Msalaba mpya ulikuwa umesimikwa, sala imesomwa, na watu wakaketi uani kwenye mikeka na mabenchi ya kuazima. Baba mkubwa Melkizedeki, kaka yake Mzee Zefania, aliyekuja kutoka Mkiwa, ndiye aliyekalia kiti cha mbele. Alikuwa mzee mkavu, mwenye koti zito na sauti ya kukata maneno.

Mashati yaligawiwa. Saa ikaenda kwa binamu. Viatu vikaenda kwa mjomba, ambaye alivijaribu palepale, vikambana, akasema vitalegea. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu asubuhi.

"Sasa mzigo," alisema Melkizedeki.

Spika zilikuwa juu ya meza, zimefunikwa kitambaa cheupe. Manase alikuwa ameleta deki na amplifaya yake, ameviunga kwenye betri ya gari. Mzee Zefania alisimama kwa taabu kidogo. Miaka mingi alikuwa mshika bendera wa stesheni, na hata sasa alisimama kama mtu anayesubiri treni.

"Kabla ya maneno," alisema, "nataka tusikie. Mtoto aliviagiza vitu hivi kwa sababu. Mama Stefano, waambie."

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka pamoja na wanawake. Alisita.

"Stefano aliimba besi," alisema. "Kwaya ilirekodi kaseti, akaniletea. Nikaiweka kwenye kiredio chetu, nikasikiliza mpaka mwisho, nikamwambia, 'Mwanangu, mbona wewe sikusikii? Nasikia akina mama tu na wale wa sauti ya juu.' Akacheka sana. Akasema, 'Mama, kiredio hiki hakina kifua. Sauti yangu imo, ila hakiwezi kuibeba. Nitakutafutia spika.'" Akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Basi. Ndiyo hivyo."

Yunisi alikwenda kuondoa kitambaa. Manase alibonyeza deki.

Kwanza ulisikika ule mkwaruzo wa kaseti, kisha kinanda, kisha sauti za wanawake zikapanda, safi, zikajaa ua. Watu wakatikisa vichwa. Ulikuwa wimbo wanaoujua wote. Halafu, kwenye ubeti wa pili, wanaume waliingia, na wimbo ukawa kama umepata sakafu. Sauti nene, tulivu, ilitoka kwenye mbao za mninga, ikapita chini ya sauti nyingine zote na kuzibeba. Yunisi aliisikia kwenye nyayo zake. Aliisikia kwenye kiganja alichokuwa ameweka juu ya spika yake, ile iliyopinda kidogo.

Mama aliinuka kwenye mkeka. Hakulia. Alitembea hadi mezani, akapiga magoti, akaweka sikio karibu kabisa na koni.

"Ni yeye," alisema. "Baba Stefano, ni yeye. Sikia pale anapovuta neno la mwisho. Ndivyo alivyokuwa akivuta. Hata akiniita, 'Mamaaa,' ndivyo alivyokuwa akivuta."

Mzee Zefania aligeuza uso upande wa reli.

Wimbo ulipokwisha, Manase alizima deki. Kisha Melkizedeki akakohoa, akajiweka sawa kitini, akasema maneno ambayo Yunisi alikuwa akiyasubiri tangu alfajiri.

"Tumesikia, na Mungu apewe sifa. Sasa nauliza kama walivyouliza baba zetu. Mzigo wa Stefano, nani alikata kamba?"

Watu wote walimtazama Manase. Mzee Zefania alikuwa tayari anatabasamu, mkono ameshaunyoosha kumwita. Yunisi aliinamisha macho. Hakuweza kumtazama. Alihesabu pumzi zake mwenyewe, akasema moyoni, Bwana, mpe.

"Si mimi, mzee," alisema Manase.

Mkono wa Mzee Zefania ulibaki hewani.

"Unasemaje?"

"Si mimi niliyekata. Nilishika kisu, nikashindwa. Nililia. Aliyekata ni Yunisi." Sauti yake ilitetemeka neno la kwanza, la pili likasimama. "Na spika hii moja ameiunda kwa mikono yake. Ile ya kushoto. Mimi nilimwonyesha tu, mbao amekata mwenyewe, waya ameunga mwenyewe. Mzigo ni wake."

Minong'ono ikaanza. Melkizedeki aliinua kidole.

"Mwanamke akalie kiti cha mwanamume? Lini tuliona?"

"Kwani kisu kiliuliza?" Agripina alidakia kutoka kwenye mkeka. "Kaka, wewe umeuliza nani alikata. Umejibiwa. Sasa unataka kuuliza swali jingine?"

"Agripina, nyamaza."

"Nimenyamaza. Lakini kamba imeshakatwa."

Watu walicheka, na hata Melkizedeki alilazimika kusugua kidevu. Alimgeukia Yunisi.

"Binti, ni kweli?"

"Ni kweli, baba mkubwa. Mama alikuwepo."

Mama aliitikia kwa kichwa, akiwa bado amepiga magoti kando ya spika. "Nilikuwa napembua mtama pale mlangoni. Nilimwona. Sikuwaza kitu."

Lakini Mzee Zefania hakuwa anasikiliza hayo. Alikuwa anamtazama Manase, na katika uso wake hakukuwa na hasira. Kulikuwa na maumivu, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama.

"Mwanangu," alisema, "unaikataa nyumba yangu?"

"Siikatai nyumba, mzee. Mungu ni shahidi, sina mahali ninapopapenda kuliko hapa." Manase alipiga magoti vumbini, shati jeupe na yote. "Nimepitishwa mlango usio wangu. Kuna mwingine ninaotaka kuingilia."

Akamtazama Yunisi. Safari hii mbele ya ukoo mzima, na hakuinamisha macho. Yunisi aliona joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni, na kanga zote mbili za asubuhi zikawa nyingi.

"Nilijua!" Agripina alipiga paja. "Nilijua tangu kwenye ndoo!"

Mzee Zefania alikaa chini taratibu. Kuku alipita katikati ya watu na hakuna aliyemfukuza.

"Mnajua mnachosema?" hatimaye aliuliza, na alikuwa anawauliza wote wawili. "Mtoto ni mtoto. Anaingia, anatoka, anakula chungu kimoja na mama yake. Mkwe ni mtu wa heshima. Anakaa mbali. Hapiti jikoni. Hataniani na mama mkwe, hamtazami usoni. Huyu mwanamke," akamwonyesha mkewe, "amepata mtu wa kumpikia, wa kumfokea, wa kumwita baba. Leo mnataka kumnyang'anya mara ya pili. Yunisi, umeliwaza hilo?"

Yunisi alikuwa ameyawaza mambo yote isipokuwa hilo. Kwa mara ya kwanza siku ile kinywa chake kilikauka. Alimtazama mama yake, na ua mzima ukamtazama mama yake.

Mama alikuwa bado ameweka mkono juu ya spika, kama mtu anayepima joto la mgonjwa.

"Baba Stefano," alisema, "nilikubali Manase akalie kiti cha mwanangu kwa sababu niliona kitupu. Kila nikikitazama, naona kitupu. Leo nimemsikia. Sauti yake imo, ila nilikuwa sina cha kuibeba." Akavuta pumzi. "Mwanangu ana nafasi yake, na mwenyewe yumo. Msiniletee mwingine kwa jina lake. Huyu ana jina lake. Mwacheni aje kwa jina lake."

"Na jikoni?" Mzee Zefania aliuliza kwa sauti ndogo. "Utaweza?"

Mama alisimama, akavuta kanga kutoka mabegani, akajifunika kichwa mpaka kwenye paji la uso. Kisha akamgeuzia Manase mgongo nusu, akainamisha macho, kama mwanamke wa heshima anavyofanya mbele ya mkwe wake. Mabega yake yalitikisika mara moja, yakatulia.

Wanawake wote kwenye mkeka walielewa. Hakuna aliyepiga kigelegele. Ilikuwa mapema mno kwa kigelegele, na ilikuwa zaidi ya kigelegele. Agripina peke yake alinong'ona, "Eee Mungu wangu," na safari hii hakuwa anatania.

Manase alimtazama mama aliyempa mgongo. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Aliinuka. Alipita katikati ya watu, akapita spika mbili juu ya meza, akapita mlango wa jikoni ambao miezi yote hiyo alikuwa akiambiwa auingie bila kuuliza, akatoka nje ya ua. Lango la mabati likafungwa nyuma yake.

"Anaondoka?" Melkizedeki aliuliza.

Yunisi alikuwa amesimama wima, mkono juu ya spika yake, na moyoni mwake hapakuwa na hofu hata chembe.

"Hodi," sauti ilisema nje ya lango.

Mzee Zefania alitazama wenzake. Akamtazama mkewe aliyejifunika. Ilikuwa zamu ya mtu kusema hodi ya nini, pita tu, hapa ni kwako. Na hakuna aliyesema.

"Hodi wenyewe."

Mzee Zefania aliinuka, akafunga kifungo cha koti lake, akasimama kama alivyokuwa akisimama stesheni kila treni ya abiria ilipoingia.

"Karibu, mgeni," alisema. "Una neno gani?"

Lango lilifunguliwa. Manase alisimama pale pale mlangoni, hakuvuka.

"Shikamooni, wazee wangu. Mimi ni Manase, nimetoka Rungwa. Leo sijaja kuomba, kwa sababu mtu hajiombei. Nimekuja kuahidi. Mbele ya Mungu aliyemchukua Stefano, na mbele yenu ninyi nyote mliokaa hapa, naahidi kwamba kabla ya mvua za kwanza wazee wangu watasimama mahali hapa niliposimama, na asali mikononi, wabishe hodi kama inavyotakiwa, waombe kwa heshima. Mkinipa Yunisi, sitamtenga na sauti ya kaka yake: spika hizi zitabaki hapa uani alipoiunda yake, naye atakuja kuisikia besi ya Stefano, na mama ataisikia kila Jumapili, mimi nikiwa nimekaa hapa nje, mlangoni, kama mkwe."

"Tumesikia," alisema Mzee Zefania. "Sote tumesikia."